Biskuti za Mkwe

Ile siagi Mama Tshibola aliibadilisha kwa kikwembe chake, kitenge alichovaa siku ya harusi ya binti yake, na msimcheke. Mwaka ule wa tisini na mbili, Noeli ilipokaribia, watu wa Kolwezi wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, wanauza vitanda, wanauza milango, wengine hata mabati ya juu ya vichwa vyao, wapate kwenda kwenye nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona hata kwenye picha. Yeye akatoa kikwembe, akachukua siagi. Waliomwona akirudi ameifunga kwenye jani la mgomba, anakwepa jua kama mwizi, walisema huyu mama amerukwa na akili. Hakurukwa na akili. Alikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikuwa na jina: Bilonda, mjukuu wake.

Sukari nayo ilimtoa jasho. Sokoni, msichana ambaye alimwita mama tangu anabebwa mgongoni alifunika beseni lake alipomwona anakuja.

"Mama, leo nauzisha kwa benye inchi tu," alisema polepole, macho chini. "Banatuangalia."

Angalau angetukana! Tusi mtu hulijibu, akaenda zake. Lakini ile sauti ya huruma, jamani, ile ndiyo iliyomkata miguu. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akakaa hivyo mpaka jirani yake Fidélie, mama wa Kikatanga ambaye ua wake ulipakana na wake, alipopenyeza mfuko kwenye tundu la ua.

"Nimechanganya yako na yangu, basijue," Fidélie alinong'ona. "Lakini usinishukuru kwa nguvu, dada. Bwana yangu anaogopa."

Basi siagi ipo, sukari ipo, unga ulibaki kidogo. Biskuti zile hazitaki kingine. Hazitaki yai, hazitaki maji. Tshibola alizijua tangu ujana wake, pale foyer ya kampuni ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kuoka, na tangu Ngalula binti yake aolewe hakuna Noeli iliyopita bila sahani ya biskuti kwenda kwa mkwe. Sahani hufunikwa kitambaa cheupe. Fidélie huipeleka, Fidélie huirudisha. Inarudi imeoshwa, kitambaa kimepigwa pasi, na ujumbe mdomoni mwa Fidélie: "Mukwe yako anasema asante mingi."

Kwa nini Fidélie? Kwa sababu Mama Tshibola hakuwahi kuzungumza na mkwe wake hata neno moja. Ndivyo alivyolelewa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei ila kwa mdomo wa mtu wa tatu. Mjini wengi walikwisha legeza, wanacheka na wakwe zao mpaka meno ya mwisho yanaonekana, na wanawake wenzake walimtania: "We Tshibola, tuko Kolwezi, hatuko mu kijiji!" Yeye akawajibu kwamba heshima haina kijiji. Na mkwe mwenyewe, Barnabé, Mluba wa Kabongo, hukohuko Katanga, aliyelelewa na bibi yake kwa desturi hizohizo, akimwona Tshibola mbele barabarani alivuka upande wa pili na kuinamisha kichwa. Tshibola alijivunia jambo hilo kanisani kama wengine wanavyojivunia viatu.

Siku moja kabla ya mkesha wa Noeli, mchana, Ngalula alikuja kusaidia kukanda. Alikuja peke yake.

"Bilonda eko wapi?" Tshibola aliuliza kabla hata ya salamu.

"Bamekatala nitoke naye." Ngalula alikaa kwenye kigoda, akaanza kuvunjavunja siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa, asiipashe moto kwa viganja. "Wifi yangu alisimama ku mulango. Akasema, wewe enda kwenu, lakini mutoto hatoke."

"Juu ya nini?"

"Tonton Nkulu amefika, ametoka Kabongo na camion." Huyo Nkulu aliyefika na lori alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Barnabé, na neno lake kwenye ukoo lilikuwa neno. "Anasema muke Mukasai arudie kwabo mbele bantu hawajachoma nyumba. Na mutoto anabakia. Anasema mutoto ni wa ukoo."

"Na bwana yako, anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anaangalia chini tu."

Mikono ya Ngalula ilisimama ndani ya beseni. Unga ulikuwa umeshakuwa kama mchanga wenye unyevu, tayari kushikana. Hakulia, alikuwa amelia njiani.

Hapo kuna jambo la kueleweka, na kila mtu pale alilielewa. Mahari ililipwa yote, kwa hiyo mtoto ni wa baba. Hakuna mahakama, hakuna padri, hakuna kelele ya bibi ambayo ingebadili hilo. Mtu mmoja tu aliweza: baba mwenyewe. Baba akimchukua mtoto wake akamweka mikononi mwa wazazi wa mke, kwa hiari yake, basi yamekwisha, hata Nkulu angekunja uso akanyamaza. Lakini ni lazima amkabidhi kwa mikono yake, na wapokeaji wawe wazazi wenyewe. Mtoto hapelekwi kwa kutumwa mtu.

"Mama," Ngalula alisema, "umuambie wewe. Barnabé anakuheshimia kupita mama yake mwenye kumuzaa. Neno yako moja tu, atasikia."

"Mi? Nisimame mbele ya mukwe yangu nifungue kinywa? Na uso gani?"

"Mama! Bantu banapakia bitanda mu treni, wewe ungali na mambo ya mukwe?"

"Bametunyanganya kazi ya baba yako. Bamenifunikia beseni ku soko. Heshima yangu nayo niitupe mi mwenyewe?" Tshibola aliuchukua ule unga, akaubana kwenye sinia kwa viganja vyake vikavu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya binti yake. "Tutamupelekea sahani. Ataona kama sisi hatujamutupa. Mutu mwenye adabu anasikia bila kuambiwa."

Ngalula alichukua uma, akaanza kutoboa unga vitundu vidogo, safu kwa safu.

Mkesha wa Noeli, alasiri, mvua ilikuwa imeosha vumbi jekundu na jua lilirudi kali. Badibanga, mume wa Tshibola, fundi wa umeme aliyeachishwa kazi miezi michache nyuma pamoja na Wakasai wenzake, alikuwa ameshinda stesheni anatafuta nafasi kwenye behewa la mizigo. Tshibola alikuwa peke yake uani. Oveni yake ilikuwa nusu ya pipa la mafuta: makaa chini, sinia katikati, bati juu, na juu ya bati makaa mengine. Ujanja wote uko kwenye kutoa mapema. Biskuti ya siagi ikishakuwa nyekundu imeshaharibika. Inatolewa ikiwa bado nyeupe, na pembeni imeanza tu kuingia rangi ya njano.

Alikuwa ameinama ananusa, kwa sababu pua ndiyo saa ya mwokaji, aliposikia langoni:

"Hodi."

Aliijua sauti ile bila kugeuka. Barnabé hakuwahi kufika kwenye lango lile peke yake tangu siku ya mahari. Tshibola alikusanya kikwembe chake, akapita upesi nyuma ya ukuta mfupi wa jiko, akachuchumaa, akajifunika kichwa. Ndivyo inavyotakiwa. Hakuwaza hata, miguu yake ilijua kabla yake.

"Hodi kwenu. Tata eko?"

Tata, yaani baba mkwe wake Badibanga, hayupo, na hakuna mtu wa kujibu. Tshibola aligeuza shingo kuelekea kwa Fidélie. Fidélie alikuwa pale, ubarazani kwake, na ungo mapajani. Macho yao yalikutana kwenye tundu la ua. Fidélie, sema neno! Mwambie Tata hayupo, mwulize ana habari gani, umwambie na mimi niko hapa nasikia! Ndiyo kazi uliyoifanya miaka yote! Fidélie alitazama barabarani, ambako vijana walikuwa wameanza kupiga miluzi pale kona. Akainuka, akaingia ndani na ungo wake, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Barnabé aliingia uani. Tshibola alisikia viatu vyake vikisimama, vikienda, vikisimama tena. Alikohoa kidogo. Mara moja akaanza, "Nilikuya juu ya...", akanyamaza. Angemwambia nani? Huwezi kuuhutubia ukuta ukijua mama mkwe wako yuko nyuma yake. Ni sawa na kumsema usoni, na ni vibaya zaidi, maana ni kumsema kwa hila.

Nyuma ya ukuta Tshibola aliuma ncha ya kikwembe chake. Neno lilikuwa limemjaa kinywani. Tupe mtoto. Tupe mtoto wa watu na mama yake, utuletee wote wawili. Lilikuwa pale, juu ya ulimi. Lakini alimwona bibi yake mzaa mama, alimwona padri, aliwaona wanawake wa kanisani wote wakimtazama Tshibola wa heshima anaropoka mbele ya mkwe wake siku ya mkesha wa Noeli. Akalimeza.

Ndipo harufu ikabadilika. Siagi ilianza kuungua. Alijua kwa pua kwamba zimebaki dakika chache tu siagi ya kikwembe chake cha harusi iwe makaa. Hakutoka.

Alisikia bati likiburuzwa. Alisikia mtu akivuta pumzi kwa kuungua vidole, kisha sinia likiwekwa juu ya kigoda, polepole, lisimwage. Mkwe wake alikuwa amemwokolea biskuti! Miluzi kona ilizidi, mtu akapaza sauti kuuliza nani huyo anaingia kwa bilulu, maana ndivyo walivyowaita siku zile, wadudu. Viatu vya Barnabé vilitoka mbio.

Tshibola aliposimama magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Sinia lilikuwa kwenye kigoda. Mstari wa pembeni ulikuwa umeingia weusi kidogo, zilizobaki zote salama. Pembeni yake palikuwa na kitambaa cha mkononi cha kiume kilichobabuka. Alikaa chini akacheka, akalia, akacheka tena. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alihisi njaa.

"Alitaka nini?" Badibanga aliuliza aliporudi jioni, amechoka, mikono imechafuka na vumbi la mabehewa.

"Sijui. Hapakuwa mutu wa kutupitishia maneno."

"Na wewe hukujibu? Hata 'karibu' tu?"

"We Badibanga! Nimujibu namna gani?"

Badibanga alivua viatu vyake. Alikuwa amepata nafasi kwenye treni, siku mbili baada ya sikukuu, na kwa nafasi hiyo alikuwa amesukumwa, ametemewa mate, na ameitwa majina na vijana ambao baba zao aliwafungia taa nyumbani mwao. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mke wake juu ya adabu.

"Kesho kisha misa nitaenda kwake mi mwenyewe," alisema.

"Uende. Lakini mi nakuambia, mutu mwenye kuunguza bidole juu ya biskuti za mama mukwe hawezi kubomoa nyumba. Ataturudishia bote mbili, ao atabakia nabo. Bilonda hatatenganishwa na mama yake." Alisema hivyo akipanga biskuti kwenye sahani, nzuri juu, zilizoungua pembeni akijiwekea yeye. Usiku ule alilala fofofo, na hilo ndilo ambalo baadaye hakujisamehe.

Asubuhi ya Noeli kanisa lilijaa nusu. Upande wa Wakasai watu walikaa na mafurushi yao miguuni, kwa kuogopa kuyaacha nyumbani. Ngalula hakuonekana. Misa ilipokwisha Badibanga alishikwa na wazee waliotaka habari za treni, na Tshibola hakuwa na subira ya kumngoja. Fidélie alimkwepa mlangoni mwa kanisa. Basi sahani aliibeba mwenyewe, imefunikwa kitambaa cheupe. Aliazimia kuiweka kizingitini, apige hodi, aende pembeni. Adabu ingekuwa imetimia.

Mlango wa Ngalula ulikuwa wazi. Ngalula alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa cha kichwa kimefunguka, miguu imenyooka mbele kama wanavyokaa wanawake matangani.

"Nani amekufa?" Tshibola aliuliza.

"Hakuna mwenye kufa." Sauti ya Ngalula ilikuwa imekwisha. "Tonton amemubeba. Jana. Bamenituma kwa wifi kupika chakula cha sikukuu, upande ule wa muji. Nimerudia, kitanda yake ni bule. Camion ilikuwa imeisha kwenda Kabongo."

"Na Barnabé aliangalia tu?"

"Barnabé alimuleta kwako, Mama!" Ngalula aliinua uso. "Aliachia Tonton analala, akaazima motokari ya chef wake wa kazi, akakuya kwako. Alitaka kumutia mu mikono yako na ya Tata, kisha aniite mi. Anasema alipiga hodi, akangojea. Anasema hapakuwa mutu. Mama, mulikuwa wapi?"

Tshibola alisimama na sahani yake. Angeweza kusema alikuwa kisimani. Angeweza kusema alikuwa stesheni na Badibanga, na hakuna ambaye angembishia, kwa sababu mkwe wake mwenyewe alikwisha mpa uongo huo ukiwa tayari umeiva. Uongo ule ulikuwa na huruma. Ungemwacha aishi.

"Nilikuwa pale," alisema. "Nyuma ya ukuta."

Ngalula alimtazama mama yake kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, kisha akageuza uso ukutani, na tangu dakika ile mpaka wapande treni hakumwita tena Mama.

Tshibola aliweka sahani chini. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na pazia. Alilisogeza akaingia. Mambo ya miaka yote, mambo ya bibi yake na ya bibi wa bibi yake, aliyavuka kwa hatua moja tu, na ilikuwa rahisi, ee Mungu, kumbe ilikuwa rahisi namna ile. Barnabé alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kidogo cha mtoto. Alipomwona aliruka akasimama, akajifunika uso kwa mikono; vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Toa mikono," Tshibola alimwambia. "Niangalie. Mi ni Tshibola. Uniangalie."

Barnabé alishusha mikono. Kwa mara ya kwanza mama mkwe na mkwe walitazamana usoni. Alikuwa kijana zaidi ya alivyomdhania, na jicho moja lilikuwa limevimba. Alikuwa amepigana, lakini peke yake, na ndugu zake walikuwa wengi.

"Ulijua kama niko pale?"



"Niliona miguu yako, Mama, pale ku mwisho wa ukuta. Nikageuka, nisiione. Nilisema nikiongea nitakuvunjia heshima." Machozi yalimtiririka bila sauti. "Nilisema nitarudia jioni, Tata akiwa eko. Kufika hapa, Tonton anasimama ku mulango, camion inanguruma, bakaninyanganya mutoto palepale."

"Na mutoto? Saa ile unapiga hodi, mutoto alikuwa wapi?"

"Mu motokari, pale kona. Nilimulalisha nyuma, nikamufunika, bale bijana basimuone."

Pale kona. Tshibola aliipima ile njia moyoni: lango, mtaro, nyumba ya fundi cherehani, kona. Angekohoa tu. Angesema "karibu" tu, neno ambalo hata mgeni wa njiani hupewa bila kuliomba. Alishika ukingo wa kitanda kidogo, akakaa pale alipokuwa amekaa mkwe wake, na mkwe wake akakaa sakafuni mbele yake, na hakuna aliyeona aibu tena. Waliketi hivyo, wawili ambao hawakuwahi kukoseana adabu hata siku moja.

Bibi ni bibi, lakini. Kabongo ni mbali, ni mvua na matope, na camion haina kioo nyuma. Akapata swali moja, na akaliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile bado kuna la kutengeneza.

"Ulimuvalisha biatu?"

"Hapana, Mama," Barnabé alisema. "Tulikuwa tunakuya kwako tu."